Koroboi Tuliyoibandika Teipu

Kabla sijasema lolote, mjue kwamba hakuna aliyenistaafisha. Chumba cha gemu hakina kiinua mgongo wala sherehe ya kukabidhiwa saa ya ukutani. Nilijiandikia barua mwenyewe, nikaisoma, nikaikubali. Sababu ni macho. Mtoto wa jicho ameingia kulia na kushoto, na mtu asiyeona skrini hawezi kuamua kama mpira ulivuka mstari au haukuvuka. Rehema na Tatu, ninyi ndio mnaopokea funguo, na karatasi hizi ni zenu. Nimeandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Chekeni, lakini msome.

Mimi ni Mzigua wa Handeni, mnajua. Nilikuja Korogwe kuuza vitenge, vitenge vikanishinda, nikaajiriwa kwenye duka la redio la Mzee Hasmukh, pale karibu na soko la Manundu. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kuuza betri. Siku moja mteja alileta mashine ya gemu itengenezwe, akaondoka, hakuonekana tena mpaka leo. Mzee Hasmukh aliiweka kwenye rafu mwaka mzima, halafu akaniambia, "Mwanaidi, kama unaweza kuiamsha hii, ni yako."

Siku hiyo hiyo nikaifungua kwa kisu cha jikoni. Skrubu mbili zikaharibika vichwa, moja ikaruka mpaka leo sijui iko wapi. Mzee Hasmukh hakunigombeza. Alinipa bisibisi yake ndogo yenye mpini wa njano, akasema, "Dada, mashine unaisikiliza kwanza, unaifungua baadaye." Ndiyo hiyo bisibisi mtakayoikuta kwenye mkebe wa maziwa, pamoja na mswaki mkuukuu, pamba na chupa ya spiriti. Msikubali mtu awauzie mkebe mkubwa wa vifaa. Nusu ya magonjwa ya mashine hapa Korogwe ni vumbi, na nusu ya magonjwa ya padi za kuchezea ni mafuta ya chapati. Anayekula chapati hashiki padi kabla ya sabuni, hata awe nani. Mimi nilimrudisha bombani ofisa mmoja mwenye tai, na alirudi ananuka sabuni, akafungwa mabao manne.

Mashine ilipoamka nikafungua chumba hiki, na miaka ya mwanzo tulicheza mpira tu. Sina mengi ya kusema juu yake, maana mpira unaujua kila mtu: kelele, lawama, na aliyefungwa kusema padi mbovu. Mambo yalianza pale Mzee Hasmukh alipopata kasha la diski zilizotumika, na ndani yake diski moja haina hata picha. Nikaiweka. Akatokea kwenye skrini msafiri mwenye kifurushi begani, anatembea kutoka kijiji hadi kijiji, anaongea na watu, na kila mtu anayekutana naye unachagua umjibu nini: umsaidie, umdanganye, umwibie, umpite. Pembeni juu, mkono wa kulia wa skrini, palikuwa na kitaa kidogo chenye utambi. Ukitenda jema, kinawaka cheupe. Ukitenda baya, kinafuka moshi. Wateja hawakuhitaji maelezo. Wakakiita koroboi.

Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Nikanunua kaunta buku, nikawa nanakili sentensi, nampelekea Mzee Hasmukh dukani, ananifasiria huku anapima waya. Kesho yake nasimama mbele ya chumba na kusoma kama mwalimu: "Mwanamke huyu anasema mume wake amepotea msituni. Moja, unakwenda kumtafuta. Mbili, unamwomba kwanza chakula. Tatu, unamwambia pole na safari yako." Kaunta buku tatu zilijaa hivyo. Kadi ya kutunzia mchezo ilikuwa moja tu, kwa hiyo msafiri alikuwa mmoja, wa chumba kizima. Aliyeshika padi alibonyeza, lakini kuamua tuliamua wote. Niliuanzisha utaratibu huo kwa shida tu, na ndio ulionipa furaha kubwa kuliko vyote nilivyofanya kazini.

Sasa niwatambulishe wachezaji wetu wakuu, maana Tatu hukuwakuta wote. Kwanza Mzee Mihayo, Mnyamwezi, mkata mkonge mstaafu. Aliingia siku moja kukwepa jua, akakaa benchi la mbele, na hilo benchi likawa lake. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua, kwa hiyo ni watani tangu enzi za mababu, na utani aliufanya kama kazi ya mshahara. Nikimwambia, "Shikamoo, mbeba mizigo," anajibu, "Marahaba, Mzigua mwenye chumba kinachonuka soksi." Alinichukulia kanga, mwavuli, na mara moja sufuria ya uji ikiwa na uji wake. Miaka yote hiyo hakuwahi kunisifu hata kwa bahati mbaya. Wa pili ni Shabani wa bodaboda, anayepiga kelele kuliko pikipiki yake. Wa tatu ni Zainabu, mama lishe wa jirani, ambaye alikuwa anacheza maharage yakichemka, na maharage mengi yaliungua.

Mwanzoni niliipenda sana ile koroboi. Niliona huu ni mchezo wenye adabu, unamwambia mtu ukweli wake papo hapo. Halafu Shabani akachoma ghala la mtama. Alitaka kuona moto tu, basi. Koroboi ikafuka moshi mzito, na kila kijiji tulichoingia wanavijiji wakafunga milango. Chumba kizima kikamlaumu. Shabani akakuna kichwa, akagundua kwamba pale njia panda kuna ombaomba, na ukimpa mkate koroboi inang'aa kidogo. Akampa. Akatoka, akarudi, akampa tena. Jamani, alimpa yule mtu mikate thelathini asubuhi moja! Ombaomba kila mara anashukuru kwa maneno yale yale. Zainabu akauliza, "Huyu atakula saa ngapi, au mnataka apasuke?" Lakini koroboi ikarudi nyeupe pee. Ghala lilikuwa bado majivu, na mwenye ghala bado amekaa nje analia, ila sisi tukawa watu wema. Nilicheka siku ile, lakini nikaanza kuitilia shaka ile taa.

Nikaitilia shaka zaidi zamu ya Zainabu. Msafiri aliingia nyumba ya bibi mmoja anayekata roho. Bibi anauliza habari za mwanawe aliyekwenda vitani. Sisi tunajua mwana amekufa, tulimzika wenyewe kijiji cha nyuma. Nikasoma: "Moja, mwambie ukweli. Mbili, mwambie yuko njiani anakuja." Nikaisikia feni tu. Zainabu akabonyeza mbili. Bibi akatabasamu, akafa. Na koroboi ikafuka moshi, kwa sababu tumesema uongo. Zainabu aliweka padi chini taratibu, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema, "Basi na ifuke." Siku hiyo tulibishana mpaka adhana ya alasiri, wengine wakisema uongo ni uongo, wengine wakisema wewe hujauguza. Maharage yaliungua tena.

Ila aliyeitangazia koroboi vita ni Mzee Mihayo. Katika kijiji cha tatu palikuwa na mhunzi mmoja, mfupi, ana tumbo, mwenye maneno mengi. Mzee Mihayo alipomwona tu akaruka benchini. "Huyu Mzigua! Namjua, angalia anavyojisifu!" Akachukua padi, akamnyang'anya yule mhunzi bata, akaondoka anacheka peke yake. Koroboi ikafuka. Mzee akasimama. "Inafuka nini? Nimeiba mimi? Nimechukua bata wa mtani wangu!" Nikamwambia mashine haijui. Akanijibu, "Kama haijui, inyamaze." Na kila tulipopita kijiji kile alimchukulia mhunzi kitu: nyundo, kofia, mara bata mwingine.

Kesi ngumu kuliko zote katika kazi yangu ilitokana na mdomo wa Shabani. Alikuwa kijiweni stendi akijigamba, "Leo nimeiba mbuzi watatu, na koroboi nimeizima kabisa." Nyuma yake amekaa mkulima kutoka Mashewa, aliyepotelewa na beberu wiki ile. Mnaweza kukisia. Kabla ya adhuhuri Shabani alikuwa amekamatwa na mgambo, na alipoulizwa mbuzi wako wapi, akasema wako kwa Mama Mwanaidi, kwenye kadi. Wakaja wote kwangu. Mkulima yule alichungulia nyuma ya televisheni, na mimi sitanii.

Beberu alipatikana siku ya tatu. Shemeji wa yule mkulima alikuwa amemchukua kwa utani na kusahau kusema. Lakini neno lilishafika kwa Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mhina, kwamba kwa Mwanaidi watu wazima wanafundishana wizi. Mwenyekiti alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni, hakuingia. "Mwanaidi, wewe ni dada yangu, wote tumetoka Handeni. Lakini wazazi wanalalamika, na wake za watu wanalalamika. Jumamosi nakuja kuona kwa macho yangu. Nikikuta mnacheza ubaya, nafunga chumba."

Niliogopa, sifichi. Chumba kile kilikuwa kazi yangu yote. Sikuwa na shamba Korogwe, sikuwa na cheti cha kitu chochote, na Mzee Hasmukh alikuwa ameshauza duka amehamia kwa mwanawe. Wangekifunga, ningerudi kwenye vitenge. Nikamkimbilia Mzee Hasmukh nyumbani kwa mwanawe, akanisikiliza, akasema, "Muoneshe ile taa. Mashine yako ina hakimu ndani, hajui huyo Mwenyekiti." Nikapata matumaini. Ijumaa baada ya swala, mimi na Shabani tulikaa tukimlisha ombaomba mikate mpaka vidole vikauma. Koroboi ikawaka nyeupe hata ikaangaza kona ya skrini. Nilijiona mjanja kweli.

Jumamosi Mwenyekiti akaja na kofia yake ya kutarizi. Chumba kimejaa, wote wamenawa sabuni. Nikampa shikamoo, nikamketisha mbele, kwenye benchi la Mzee Mihayo, ambaye alisogea kidogo sana. Nikaeleza: hiki ni kitaa cha wema, ukitenda mabaya kinafuka, kwa hiyo hapa watu wanafundishwa. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akaridhika. "Hiki kitu kizuri. Nipe nijaribu." Nikampa padi. Shabani akamwonesha vitufe vya kubonyeza. Msafiri akaanza kutembea, akijigonga kwenye ukuta mara mbili, akaingia kijiji cha tatu.

Kumbe hadithi ilikuwa imesogea. Mhunzi amefariki. Watu wamekusanyika, jeneza liko katikati, kaburi liko wazi. Nikasoma: "Moja, omba kimya. Mbili, toa ubani. Tatu, mdhihaki marehemu."

Mzee Mihayo akapiga goti lake. "Mtani wangu! Umekufa na bata wangu!"

Mwenyekiti akageuka. "Mtani wako kivipi?"

"Huyu Mzigua, nilimtambua siku ya kwanza. Na msafiri huyu ni Mnyamwezi, ni mimi. Mwenyekiti, unakubali Mzigua azikwe bila mtani wake kusema neno?"

Mwenyekiti naye ni Mzigua wa Handeni kama mimi. Akaitazama skrini, akatazama jeneza. Nikaona uso wake unabadilika, unakuwa wa mtu aliye msibani kweli. "Haiwezekani," akasema. "Msiba bila mtani ni msiba gani? Watasema marehemu hakuwa na watu." Nikataka kupiga kelele, Mwenyekiti, usibonyeze, lakini aliniwahi. Akabonyeza tatu.

Msafiri akasogea kwenye jeneza, akasema maneno ya kejeli juu ya tumbo la marehemu. Koroboi, ile niliyoilisha mikate jana yake, ikazimika mara moja, ikafuka moshi mweusi. Waombolezaji wakaokota mawe. Wakamfukuza msafiri kijijini, naye anakimbia, kifurushi kinadunda mgongoni. Mimi nikakaa chini kwenye sakafu. Nikasema moyoni, kwisha habari yako, Mwanaidi.

Mwenyekiti akainuka. Fimbo ikaanguka. "Wananipiga mawe? Mimi? Kwa kumzika mtu?" Akaielekezea koroboi kidole. "Na wewe! Nani amekupa uhakimu? Umemuuliza huyu ni nani kwa marehemu? Hujauliza, unafuka tu!" Mzee Mihayo akainuka naye, akadakia, "Niliwaambia! Niliwaambia tangu bata wa kwanza!" Wakawa wawili wanaigombeza televisheni. Halafu Zainabu akaeleza kisa chake cha bibi na mwana aliyekufa vitani, na Mwenyekiti akakaa tena, akauliza, "Ulimwambia nini?" Wakaanza upya. Zainabu akaleta chai ya tangawizi. Alikuja mpaka yule mkulima wa Mashewa, aliyekuwa amekuja sokoni, naye akatoa ushahidi juu ya beberu na shemeji: je, koroboi ingesemaje hapo?

Hukumu ilitoka chai ilipokwisha. Chumba kibaki wazi, maana watu wanaobishana hivi juu ya jema na baya si wezi. Lakini taa ile isiendelee kutoa ushahidi wa uongo mtaani kwake. "Una kitu cha kuiziba?" Nikampa teipu nyeusi ya umeme kutoka kwenye mkebe. Akakata kipande kwa meno yake mwenyewe, akakibandika juu ya koroboi, akakisugua kwa dole gumba. Nilicheka mpaka nikalia. Nilifurahi mno siku ile, jamani, hata wali wa jioni ulinishinda.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo la kazi. Baada ya teipu, Shabani alifika njia panda, akampa ombaomba mkate mmoja, akaenda zake. Nikamuuliza mbona leo mmoja. Akasema, "Sasa wa pili wa nini, wakati ameshakula?" Na mwenye ghala, yule aliyekaa nje analia, ndipo kwa mara ya kwanza mtu alipendekeza turudi kumtazama. Zamani tulikuwa tunaiangalia koroboi. Sasa tukawa tunawaangalia watu. Wasiotupenda walifunga milango, waliotupenda walisalimia, na hiyo ilitutosha, kama inavyotutosha hapa Manundu. Kila padi iliposimama, mtu alimgeukia mwenzake kuuliza, "Wewe ungefanyaje?" Wengine watawaambia taa ya namna ile ndiyo inayoupa mchezo maana. Mimi sikatai kwamba ilituanzishia ubishi. Lakini ubishi ulinoga ilipozibwa.

Televisheni zilibadilika mara nne. Kila iliyokuja, Mwenyekiti aliitwa kubandika teipu, hata baada ya kuacha uenyekiti. Alidai hiyo kazi haina uchaguzi.

Wiki iliyopita, siku yangu ya mwisho, walikuja wote. Shabani sasa ana mvi na bajaji. Zainabu alileta pilau, na haikuungua. Mwenyekiti alikuja na fimbo mbili badala ya moja. Mzee Mihayo alishikwa mkono hadi kwenye benchi lake. Rehema, wewe ndiye uliyewasha mchezo kwa ile kadi ya zamani, na nadhani ni wewe uliyesema, "Mama, tubandue teipu tuone taa imefika wapi." Miaka yote ile, maamuzi yetu yote, na ile taa ilikuwa inaandika huko chini bila sisi kujua. Niliona aibu kuogopa kitaa, lakini niliogopa.

Nikaibandua mwenyewe, kwa kupapasa. Nikatoa miwani, nikaipangusa, nikasogea hadi pua ikakaribia kioo. Ukungu tu. Nikauliza, "Inawaka, au inafuka?"

Feni niliisikia, kama ile siku ya bibi.

Halafu Mzee Mihayo akakohoa. "Mwanaidi," akasema, na hakusema Mzigua, "inawaka. Nyeupe. Inaumiza macho."

Miaka yote ile mtani wangu hakuwahi kuniambia neno jema hata moja. Hapo hapo nikajua koroboi ni nyeusi tii. Nikamshika mkono, machozi yakanitoka, na furaha niliyokuwa nayo sijui niiweke wapi. Zainabu akapenga kamasi kwenye kanga yake.

Nilipotaka kukaa, kiti changu hakikuwepo. Mzee Mihayo, asiyeweza kutembea bila kushikwa, alikuwa ameshakifikisha mlangoni.

Teipu nimeirudisha kwenye mkebe, chini ya bisibisi ya njano. Mkipata televisheni mpya, mwiteni Mwenyekiti. Kiti kipo kwa Mzee Mihayo, na msikidai.